Mzee Valenok Amekataa Safari ya Wekesa

Mulembe Mama,

Nakusalimu nikiwa mzima wa mwili, ni roho tu imekaa vibaya. Goti lako la kushoto likoje siku hizi? Nimesikia mvua ya mawe ilipiga upande wa Kachibora. Je, hapo kwetu Tuwan iliwaacha au nanyi mlipata? Na mahindi ya mama mdogo bado yamesimama? Mimi huku nakula, nalala, naruka, nashuka. Siku nikikosa kushuka mtaambiwa.

Barua hii nimempa mwenzetu wa sarakasi anayerudi Kenya, na nimemwambia aiweke mikononi mwako wewe mwenyewe, si kwa mtu mwingine wa nyumba hiyo. Akusomee Mama Njeri jirani. Yeye amezoea kusoma Biblia mbele ya watu na haruki mistari. Kama anayekusomea sasa ni huyu ndugu yangu Wekesa, basi akimaliza mwambie arudie tangu mwanzo. Mtu anayebuni anachosoma, mara ya pili hasemi kama mara ya kwanza.

Nimeandika kwa karatasi kwa sababu simu yako anaishika yeye. Nikipiga ananiambia umelala. Mama, tangu lini wewe ukalala saa nne asubuhi? Na simu yake mwenyewe hapokei tena tangu tukosane.

Tulikosana hivi. Wekesa anasema amepata kazi huku Urusi, kwa sarakasi, pamoja na mimi. Kuna jamaa huko Bungoma, ofisi yake iko juu ya duka la dawa na anavaa tai hata Jumamosi, aliyemwambia kila kitu kiko tayari na ndege ni mwisho wa mwezi. Niliposikia nilifurahi, sikatai. Halafu nikajiuliza, sarakasi inamtaka Wekesa kwa lipi? Huyu ni mtu aliyeanguka kutoka kwa mkokoteni, na mkokoteni wenyewe ulikuwa umesimama. Tangu biashara ya vitunguu ya Suam imkatae, sijasikia amejifunza hata kupinduka.

Nikamwuliza meneja wetu kama anamngoja Mkenya mwingine. Akasema hata sisi tulioko tumezidi.

Nikampigia Wekesa nikamwambia hao watu si wa sarakasi. Akaniambia, "Nanjala, si umekula peke yako miaka yote hii? Sasa mwenzako ameletewa sahani unaona wivu." Na ili nijue mambo ni ya kweli, akanieleza wanachomuuliza. Wametaka namba ya kiatu chake, upana wa kifua, na kundi la damu. Ati wanamshonea nguo za uwanjani. Alikuwa ameshaenda zahanati kupimwa hiyo damu, na alivyonitajia majibu ungedhani amepita mtihani.

Mama, mimi nilipokuja huku waliniuliza uzito, kwa sababu kuna mtu angenibeba mabegani. Waliniuliza urefu. Damu yangu hakuna aliyeiuliza.

Sasa nikueleze habari za mzee mmoja. Usione kama nimeacha njia, ni njia ile ile.

Hapa kwetu kuna mchekeshaji anaitwa Gennadi Savelich. Huku mtu mzima haitwi jina lake tu, unamwita pamoja na la babake, kama vile huko Bungoma mtu ni Wafula wa Simiyu. Jina lake la uwanjani ni Valenok. Hicho ni kiatu cha sufi cha kuvaa kwenye theluji, kikubwa, kizito, hakina kushoto wala kulia. Alianza kazi hii zamani za Muungano wa Kisovieti, wakati sarakasi ilikuwa inazunguka nchi nzima kwa treni, dubu behewa moja, watu behewa lingine, na yeye anasema dubu ndio waliopewa lenye joto. Watoto wakimwona wanalia, halafu wanacheka, halafu wanakataa kwenda nyumbani. Akishafuta rangi usoni huwa ni mtu wa maneno machache. Kirusi changu chote nimekitoa kwake, matusi kwanza, mkate baadaye.

Ndiye aliyenifunza kofi la uwongo. Watu wawili wanagombana uwanjani, mmoja anamzaba mwenzake kofi, pa, na ukumbi wote unashtuka. Lakini mkono haujagusa shavu. Anayepigwa ndiye anayegonganisha viganja vyake mwenyewe pale chini kifuani, watu hawaoni, halafu anaanguka. Kwa hiyo mwenye ustadi ni yule anayeanguka. Anayepiga anapunga hewa tu.

Wiki mbili zilizopita tulipomaliza maonyesho ya mchana nilikuwa nashona mkono wa vazi langu, naye anafuta uso kwa mafuta. Nikamsimulia habari za Wekesa kama kichekesho, mkokoteni na vyote. Nilitaka acheke. Alicheka kwa mkokoteni. Nilipofika kwa damu, mkono wake ukasimama, uso nusu mweupe, nusu mtu. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akauliza kama kiatu na damu viliulizwa na mtu mmoja. Nikasema ndiyo, mmoja, yule wa tai. Akasema hata yeye aliulizwa vyote viwili kwenye meza moja, na haikuwa meza ya sarakasi.

Hapo ndipo aliponieleza maisha yake, jambo ambalo kwa miaka yote hii hakuwahi kulifanya.

Alikuwa kijana wa shule ya sarakasi, na alikuwa na mwenzake wa mchezo aliyeitwa Kolya. Yeye anapiga, Kolya anaanguka. Anasema hakuna mtu aliyejua kuanguka kama Kolya. Wakachukuliwa jeshini wote wawili, kama vijana wote wa wakati ule, wakaambiwa wanakwenda kusini kulinda maghala. Maghala hawakuyaona. Waliona milima ya Afghanistan. Wenzao walipojua hawa ni watu wa sarakasi hawakuwaachia nafasi. Kila jioni ni kofi la uwongo. Kolya akaanguka kutoka kwa mawe, kutoka kwa magari, akaanguka na ndoo ya supu, mpaka mkubwa wao, ambaye hakuwa mtu wa kuonyesha meno, akalazimika kugeuka ukutani.

Asubuhi moja walikuwa wanapita kwenye mto mkavu, mmoja nyuma ya mwingine. Ikasikika sauti ndogo, kama ya kofi. Kolya akaanguka. Akaanguka vizuri, mikono hewani, kama siku zote. Wakacheka. Wote, Mama. Wengine wakapiga makofi. Gennadi Savelich akamwambia inuka bwana, unachelewesha watu. Wakasimama pale wakimngoja ainuke.

Alinieleza hayo akikitazama kitambaa chake chenye rangi. Hakulia, na mimi sikujua niweke wapi sindano. Unajua mimi ni mtu wa kuangalia watu, hata kanisani ulikuwa unanifinya kwa hilo. Nimemwangalia mzee huyu uwanjani mara nyingi, na kuna kitu anakifanya ambacho nilidhani ni mchezo. Mwenzake akianguka, yeye anakimbia kwanza pale chini anamshika shavu, anamtazama macho, ndipo anawageukia watu na kuwaruhusu wacheke. Watoto wanapenda sana hapo.

Nikamwuliza, kwani nyumbani hakuna aliyekuzuia? Akasema hangezuilika, ilikuwa sheria, angekataa angefungwa. Akafikiri, akaongeza kwamba jela watu hutoka.

"Mama yangu alikuwa mwema sana," akasema. "Alinipigia shati pasi. Alinifungia mkate. Tukakaa kitako kimya kama desturi yetu kabla ya safari, akanibariki, hakutaka niende na moyo mzito." Akafuta upande uliobaki wa uso. "Wewe mwambie mama yako asiwe mwema."

Sasa usiseme huyo ni mzee na vita vyake vya zamani. Wiki ile iliyofuata nilikuwa kituo cha basi cha mji huu, nikasikia mtu anaongea Lubukusu chetu. Kijana wa rika la Wekesa, nguo za jeshi, mkono umefungwa bandeji. Alikuja ati kuwa dereva wa lori. Aliniomba simu ampigie mamake. Mama akapokea, naye akamwambia yuko vizuri, anakula nyama, lori ni jipya. Akanirudishia simu, akaniambia asante dada, na hakuniambia jina lake. Basi likaja na askari wakaingia, yeye akiwa wa mwisho. Tangu siku hiyo, Mama, nikisikia mtu anamwambia mamake yuko vizuri, naangalia mikono yake kwanza.

Kwa hiyo nisikilize. Najua Wekesa hajakutoroka. Anataka umbariki, na anataka Khocha, ndugu yako wa Chwele, amtemee mate ya baraka, maana hata yeye na ujuaji wake anaogopa kusafiri bila neno la mjomba. Usimwambie Khocha akatae. Akikataa, Wekesa atasema wazee hawapendi maendeleo na ataondoka kwa hasira. Khocha akubali, apokee na kuku kama ataletewa, halafu awe mgonjwa. Kila akifuatwa, awe mgonjwa. Kipaji hicho anacho, tumekiona kila msimu wa palizi.

Lakini wakimharakisha, na asubuhi ya safari ifike kabla Khocha hajapona, kazi ni yako. Nyumba yetu ina mlango mmoja. Nilikuwa namlaumu marehemu baba kwa hilo, leo namshukuru. Madirisha yana vyuma. Kabla hajaamka, tandika gunia pale mlangoni, uweke na mto kwa ajili ya goti, ulale. Usimpigie pasi nguo. Usimpikie chai. Usilie pia, ukilia atakubembeleza, na huyo akianza kukubembeleza wewe hushindi. Ulale tu kimya. Atakuambia gari linangoja, atakuambia unamwaibisha mbele ya majirani, wewe lala. Wekesa ni mkaidi, anabishana hata na mchungaji, lakini mtoto wa kwetu hamvuki mamake aliyelala chini. Miguu ya kufanya hivyo hukumzaa nayo.

Mama Njeri, wewe unayesoma, samahani kwa kukutuma kabla hata ya kukusalimu. Asubuhi hiyo njoo na kiti ukae na Mama, wewe upande wa nje wa mlango. Jamaa wa tai akija na gari, mpigie kelele za jirani, unazijua.

Nisalimie mama mdogo wa Kachibora na mumewe. Nisalimie Khocha, mwambie namwombea ugonjwa mrefu. Mzee Savelich anakusalimu pia, ingawa hajui uko upande gani wa dunia. Amenitaka nikuandikie kwamba kulala sakafuni si aibu, yeye amefanya hivyo maisha yake yote na watu wamemlipa.

Naye Wekesa akifoka, mwambie ni mimi niliyekutuma. Aniite mchawi, aniite mchoyo, asiongee nami Krismasi hii na ile nyingine. Kununiwa na ndugu aliye Tuwan, hilo naliweza.

Ni mimi binti yako,
Nanjala