Kodi ya Faida ya Mama Brigitte

Sakania, 14 Januari 1958

Mama yangu mpendwa,

Salamu nyingi toka kwangu, toka kwa mke wangu Wivine na mtoto wetu. Sisi tuko wazima, ila mvua ya Sakania inatunyeshea hata ndani ya nyumba. Na wewe, miguu inaendeleaje? Na munkoyo unaoupika na kuuza, wanywaji bado wanaugombania?

Neno la leo ni la akiba yako. Karani mkuu wetu hapa stesheni amenieleza kwamba faida inayoongezeka kwenye kitabu chako cha akiba inalipiwa kodi. Pensheni ya marehemu baba haiguswi, wala pesa ulizoweka mwenyewe. Ni ile faida tu. Ni faranga chache, lakini lazima zilipwe kabla Februari haijaisha. Sikutaka upange foleni na miguu hiyo. Kwa hiyo nimemwandikia baba mdogo Rigobert akulipie, kwa kuwa yuko hapo hapo mjini. Mshahara ukitoka nitamrudishia. Wewe kaa, tulia.

Mwanao,
Godefroid

Elisabethville, 9 Februari 1958

Mwanangu Godefroid,

Barua yako imefika, na salamu zote nimezipokea. Miguu inauma kwa kiasi chake, na munkoyo unaisha kabla ya saa sita. Mpe Wivine pole ya paa.

Nimekaa, nimetulia, kama ulivyosema. Sasa sikiliza nilichovuna. Jumapili baada ya misa alikuja baba yako mdogo na stakabadhi ya kodi mkononi, amevaa koti lake la harusi. Nyuma yake mzee Donat, mkubwa wa ukoo, na wazee wengine wawili, mmoja amebeba mkeka. Nikauliza mkeka wa nini. Rigobert akasema, "Shemeji, miye minalipa kodi yako. Mwenye analipa kodi ya mwanamuke, njo bwana yake." Wazee wakaitikia.

Wewe ulisomeshwa na mapadri, ukasahau mambo ya nyumbani. Zamani mwanamume wa mjini alilipa kodi yake, na kama ana mke wa pili, alilipa na ya huyo mke. Ndivyo watu walivyojua huyu ni mke wa nani. Baba yako alipofariki, Rigobert alitaka kunirithi, nikakataa, ukoo ukanyamaza. Sasa wewe umemfungulia mlango.

Fikiri, mwanangu. Mjane akiolewa, pensheni inakatwa. Padre ataninyima komunyo, maana Constance, mke wa Rigobert, yuko hai, amekwenda Pweto tu kununua samaki wakavu. Na kitabu changu cha akiba kitamfuata mwenye mkeka. Mkeka wenyewe nimeuacha nje, na mbuzi wa jirani ameshaanza kuula.

Mama yako,
Brigitte

Sakania, 17 Februari 1958

Mama mpendwa,

Salamu kwa aibu. Tuko wazima, isipokuwa mimi chakula hakipiti. Sikujua, mama. Ndani ya bahasha hii kuna faranga zote alizolipa, na hamsini juu. Mpe mbele ya wazee, mambo yaishe. Akikataa, nitaomba ruhusa nije niseme naye mwenyewe. Wivine ananicheka, anasema kwao hata mtoto anayelishwa uji angelijua jambo hilo. Nisamehe.

Mwanao mjinga,
Godefroid

Elisabethville, 26 Februari 1958

Mwanangu,

Mimi mzima, na wewe kula. Pesa nimempa mbele ya wazee, amezikataa. Amesema, "Mali ya mutoto haivunje neno ya bakubwa." Mzee Donat alikuna kichwa, akaniomba muda.

Usije. Mtagombana, na ukoo utasimama upande wake kwa sababu yeye ndiye mkubwa. Nina wazo langu, nami sitaliandika hapa. Faranga zako nazirudisha, mnunulie mtoto viatu. Na usimwambie mtu.

Mama yako,
Brigitte

Sakania, 20 Aprili 1958

Mama yangu,

Je, u mzima? Nimeandika mara mbili, hakuna jibu. Jana Edouard wa treni ya mizigo alinikuta stesheni, akaniambia amemwona baba mdogo kwenye bomba la mtaa wenu, ndoo kichwani, wanawake wakimcheka. Nikamuuliza anatafuta nini kwako. Akasema, "Iko anakaa kule. Banasema ndoa ilikwisha fungwa."

Umekubali, mama? Kama ni kwa moyo wako, niambie, nami nitameza. Kama wamekulazimisha, Jumamosi ijayo napanda treni.

Mwanao,
Godefroid

Elisabethville, 24 Aprili 1958

Mwanangu Godefroid,

Usipande treni. Mimi mzima kuliko mwaka jana. Barua zako nilizipata zote, lakini chungu kilikuwa bado motoni.

Rigobert unamjua, hajawahi kulipa kodi yake mpaka askari amfuate sokoni. Alilipa yangu, yake akaiacha. Basi nikatoa faida yote kitabuni, nikaongeza pesa za munkoyo za mwezi mzima, nikajikokota mpaka ofisini nikamlipia kodi yake. Halafu nikawaita wazee, nikavaa kikwembe kipya, nikanunua mkeka, tukaenda kwake pamoja na mama Mujinga, jirani yangu. Nikaweka stakabadhi mbele ya mzee Donat, nikasema, "Shemeji, miye pia minalipa kodi yako. Kuja nyumbani, maji ya kuchota iko."

Mzee Donat alicheka mpaka akashika ubavu. Akasema kama kodi inafunga ndoa, basi Rigobert naye ameolewa, ahamie kwangu. Kama haifungi, ile ya kwanza nayo haikufunga kitu. Achague. Lakini Rigobert, kwa ukaidi wake, akasema neno alilolitoa mbele ya wazee halirudi. Akahamia kwenye kibanda changu cha kuni. Mujinga alikuja kulala nami ndani, ili padre asisikie uongo. Wiki tatu Rigobert alichota maji, alitwanga mizizi ya munkoyo, alifagia uwanja. Alidhani mimi ndiye nitakayechoka.

Jumatatu Constance alirudi toka Pweto na lori la samaki. Niliogopa, nakuambia kweli, maana yule mwanamke nampenda. Alisimama, akamtazama mumewe na ufagio wake, akafungua fundo la kikwembe, akaniwekea mezani kodi yote ya Rigobert. Akasema kama kwa dada yake mkubwa, "Yaya, minakuja kukomboa bwana yangu." Mimi nami nikampa Rigobert faranga alizonilipia. Safari hii alizipokea, akatangulia njia ya kwao bila kuaga.

Jana nimewaambia wazee wazi: baba yako Adrien nilimpenda, na baada yake sitaki mwingine. Miaka yote hii nilikuwa sijalisema kwa sauti. Nililia kidogo, halafu tukanywa munkoyo.

Pesa za Constance nimeziweka kitabuni. Zitazaa, na mwakani kutakuwa na kodi tena. Wewe nitumie tarehe tu. Kodi nitailipa mwenyewe, na stakabadhi iandikwe hivi, bila jina la mlipaji mwingine:

Brigitte, mjane wa Adrien,
mama yako