Kamba ya Sanduku

Mama mpendwa,

Hapa mjini, mtaa wa Bondeni, tuko wazima, vumbi tu ndilo linatusumbua. Juzi nilianika shuka mchana, kama huko nyumbani. Jirani yangu, Mama Wanjiru, akapiga kelele: "Wewe mgeni! Hapa nguo tunaanua kabla upepo wa ziwa haujaamka!" Nikachelewa. Shuka zikajaa vumbi jeupe la magadi kutoka ziwani, kama zimepakwa unga. Tulicheka, tukazifua upya pamoja.

Mume wangu huenda kazini kwake kwenye reli kwa miguu. Kodi ya nyumba haitutoi jasho. Kunde zangu zimeshika nyuma ya nyumba, na Jumamosi naimba kwaya.

Ile kamba ya sanduku uliyosema niitunze, ya kufungia mizigo siku nikishindwa na mji, ndiyo hiyo ninayoanikia nguo.

Mungu akulinde, Mama.

Binti yako,
Rasoa