Yule Mama Hakuwa Anadai Misosi

Jumapili, Tunduma. Upepo wa kutoka Nakonde, upande wa Zambia, umepiga kutwa, mabati yanalia kama yamefiwa. Nimevaa makoti mawili. Shajara, mimi naongea, simu inaandika. Mimi na kalamu hatujawahi kusalimiana.

Leo nimepigwa na butwaa, na mimi si mtu wa kupigwa na butwaa hovyo.

Kwa asiyenijua: zamani nilikuwa na banda la video hapa hapa, na mtafsiri ni mimi. Kichina, Kihindi, Kimeksiko, vyote nilivijua bila kufundishwa. Madereva wa Zambia walikuwa wanaacha malori kwenye foleni ya mpaka waje wanisikie. Kama nimeongeza chumvi, ni kidogo tu.

Mkanda uliojaza banda ulikuwa mmoja chakavu wa Meksiko, hauna rangi. Mwanamke wa nguo nyeupe anatembea kandokando ya mto, analia, "Aai, misosi!" Nikatafsiri: mke mwenza alimnyima chakula mpaka akafa, sasa anadai misosi yake. Banda zima likapiga kelele, "Mpeni ugali huyo!"

Mke wangu, Mama Atupele, alikuwa anauza karanga mlangoni. Akasema, "Baba Atupele, mwenye njaa halii hivyo."

Nikamjibu mbele za watu, "Mama, wewe shika karanga, Kimeksiko niachie mimi."

Watu walicheka. Yeye hakucheka.

Sasa leo nimekuta kwenye simu kipindi cha Kiswahili kinachoeleza sinema za kutisha za Meksiko tangu zilipoanza. Nimekaa nacho mpaka chai ikapoa. Jamani, wale watu! Wana wacheza mieleka wenye vinyago wanaotwangana na maiti zilizokauka na wanyonya damu, na kinyago hakivuliwi hata kwenye kula. Wanawapikia wafu wao, wanakaa nao makaburini kama wamepata wageni wa Krismasi. Kifo wanakitania kama shemeji. Na siku hizi mazimwi yao yanapewa tuzo huko duniani. Mzee mzima nilikuwa nasema "lo" peke yangu.

Halafu wakamfikia yule mama wa mtoni. Kumbe hadithi yake ni ya kale kuliko sinema yenyewe, na walipoanza kutengeneza filamu za kutisha zenye sauti, walianza na kilio chake. Watoto wake walizama. Hasemi misosi. Anasema "mis ihos".

Yaani, wanangu.

Atupele wetu alituacha kabla hajaota meno. Kilichobaki ni majina tunayoitwa.

Nimemkuta Mama Atupele jikoni anachambua maharage. Nikazunguka kwanza, nikayasifia maharage. Mwisho nikasema, "Yule mama wa kwenye video, alikuwa anaita watoto wake."

"Najua."

"Ulijuaje, na wewe Kimeksiko hukijui?"

"Wewe ulikuwa unakijua?"

Miaka yote hii nilidhani ni mimi ndiye niliyekuwa mtafsiri.

Nikamwomba msamaha, kwa sauti ndogo ambayo sikujua ninayo. Akafuta mikono kwenye kanga, akakaa karibu yangu. "Muweke alie tena," akasema. "Ila leo usitafsiri."

Nikamuweka kwenye simu. Mama Atupele akasikiliza mpaka mwisho, na mimi sikusema neno.

Hilo nalo liandike, shajara, maana hapa Tunduma hakuna atakayeliamini.