Wifi Kajitoa Kundini

Sahibu, weka chini hicho kikombe usije ukapaliwa.

Unamkumbuka wifi wa binti yangu? Yule aliyemwandikia kwenye kundi la ukoo, "Unawalisha watoto chakula cha ndege!" Mbele ya wakwe!

Leo kachelewa kazini, kawabwaga wanawe kwetu na njaa yao. Binti akawapa hichohicho chakula cha ndege: shayiri aliyoiloweka kwenye maziwa tangu jana, ndizi juu, basi. Wameramba bakuli!

Mdogo akauliza, "Anti, kwa nini mama hatupi hii?"

Binti alikuwa anarekodi! Akairusha video kundini: "Ndege wako wameshiba, wifi."

Wifi kajitoa. Binti kamrudisha palepale.

Nikamwambia, "Mwanangu, yatosha."

"Baba, bado hajasoma anavyochekwa."