Piano Haikumwamini Msichana

Dada Asha, nakusalimu kutoka London.

Jana mchana mwanangu Zuhura alinipeleka kwenye kanisa moja hapa Kilburn kusikiliza nyimbo za Wajerumani za karne ya kumi na tisa. Kabla ya wimbo mmoja mpiga piano alisimama kutueleza, na Zuhura akanitafsiria kwa kunong'ona: "Mama, anasema mshairi alitunga maneno ya msichana aliye mbali, anamwambia mama yake kuwa hajambo. Aliyelitia muziki shairi hilo hakumwamini msichana. Tuisikilize piano."

Mwimbaji akaimba kwa sauti tulivu kabisa. Chini yake piano ikawa inarudia noti moja nzito, kama mtu anayelia chumba cha pili. Nilishtuka, dada. Sikujua kuwa muziki unaweza kulikanusha shairi waziwazi hivyo.

Nikageuka nimwambie Zuhura, nikakuta machozi yanamchuruzika. "Mama, mume wangu aliniacha tangu Ramadhani," akasema. "Kila nikikupigia simu nilikuwa nakudanganya."

Na mie nimekaa kwake wiki nzima nikiamini mkwe wangu yuko safari ya kazi. Nikamshika mkono tu, tukabaki pale mpaka watu wote wakatoka.

Leo ameomba likizo hospitalini anakofanya kazi na amekubaliwa. Mungu akuweke, dada yangu, na unitandikie vitanda viwili, maana sirudi peke yangu.

Mdogo wako,
Mwanaidi