Sangala Wangu Hageuki Joka

Jumanne, Kasenga, hapa Uvira. Mvua ya asubuhi imekoma, njia ni tope tupu, na mimi nina hasira tangu nilipoamka. Acha niiandike kabla haijapoa.

Ni kuhusu bosi. Kwa msiocheza michezo ya kompyuta: bosi ni yule adui mkubwa anayekungoja mwisho wa safari. Wa kwangu ni samaki, sangala mkubwa kuliko nyumba, anayevunja mitumbwi ya wavuvi wetu. Unawasha taa juu ya maji, ndagala, wale dagaa wadogo, wanaifuata, naye sangala anapanda kuwala. Hapo ndipo unapomchoma mkuki.

Nakiri, nilianza kwa kosa la aibu. Nilitia mwezi mpevu juu ya pigano lote kwa sababu ulipendeza. Wiki iliyopita mama mdogo, ambaye ameuza ndagala tangu sijazaliwa, alichungulia kompyuta yangu akacheka mpaka akakaa chini.

"Mwezi iko inawaka hivi, na bavuvi bamewasha mataa? Ndagala itakuya kufanya nini? Weye ni mutoto wa Uvira kweli?"

Iliniuma. Nimekulia kando ya ziwa hili, halafu nasahau kwamba mwezi ukijaa taa haivuti ndagala, na wavuvi hawaingii majini, wanabaki ufukweni kushona nyavu!

Lakini aibu ile ndiyo iliyonipa bosi. Sasa pigano linaanza gizani, na katikati mwezi unatoka. Ndagala wanatawanyika, sangala anazama, anakupiga kutoka chini na mkuki wako haumfikii. Ukishupaa, unakufa. Ukirudi ufukweni ukashona wavu hadi giza lirudi, unaweza kushinda.

Dieumerci, mwenzangu anayechora picha za mchezo, aliujaribu jana. Alikufa mara kumi na moja, kisha akanitumia ujumbe wa sauti: "Hii bosi iko mubaya. Nani anakimbia mu vita? Tia joka la moto, ama minye natoa madesen yangu yote."

Jumamosi tunauonyesha mchezo kwenye ukumbi wa parokia. Bila picha zake nabaki na miraba ya rangi tu.

Niliogopa, sitaficha. Nilifungua kompyuta nikaanza hata kuandika neno "joka".

Nikalifuta.

Majoka yamejaa kwenye michezo ya watu wengine. Kwa nini mtu wa Uvira apigane na mnyama ambaye hata bibi yake hakumwogopa?

Leo mchana nimempa mama mdogo acheze. Sikumfundisha kitu zaidi ya vitufe. Mwezi ulipotoka alisonya, akageuza mtumbwi, akarudi ufukweni akaanza kushona wavu. "Tungoje," akasema, akaendelea kunisimulia ugomvi wa majirani. Giza liliporudi aliingia majini, akamchoma sangala mikuki mitatu, akauliza kama yuko mwingine.

Nililia kwa furaha, na sioni haya kusema.

Sasa hivi nimemwandikia Dieumerci hivi: Chukua picha zako, ndugu yangu. Sangala nitamchora mwenyewe, hata awe wa miraba, na Jumamosi ataingia ukumbini na mwezi wake. Mama mdogo amemshinda kwa jaribio la kwanza tu. Ukitaka kujua siri, njoo ukae karibu naye, atakufundisha kungoja.