Nimeswakia Rangi ya Mkeka

Amri, mpwa wangu,

Msomee mama yako karatasi hii, asije akasema nimeondoka kwa hasira. Nimekwenda Nandagala kukuposea, kama tulivyopanga. Korosho mzianue mvua ikitisha. ~~Chakula msiniwekee.~~ Niwekeeni, tena kingi.

Asubuhi mmenicheka vya kutosha. Lakini nani huweka mizizi ya kutilia ukindu rangi pamoja na miswaki? Alfajiri nimeokota mzizi wa mdaa nikidhani ni mswaki, nikautafuna na kuswaki kwa bidii, na sasa meno yangu na mkeka wa mama yako ni ndugu. Nimesugua kwa mkaa uliosagwa na chumvi. Rangi imepungua kidogo, fizi zinawaka.

Ila dada kasema kweli: hata jana hayakuwa meupe. Miaka ishirini natafuna tumbaku, nanywa chai ya rangi, nalala bila kusukutua. Rangi ya mzizi ni mgeni, itaondoka. Ya tumbaku imeshajenga.

Wewe bado mapema. Swaki asubuhi na kabla ya kulala, polepole, na usukutue kila ukinywa chai. Mkaa usiuzoee, unalikwangua jino.

Huko wataniuliza kama mposaji anatafuna tumbaku. Nitaapa kwamba huna hata chembe, na mimi siapi uongo. Kwa hiyo kile kikopo chako cha chini ya mto usikitafute. Ninacho mimi.

Mjomba wako